Mabara Ni Mangapi?

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya msingi mkoani Kigoma. Ukutani mwa darasa la sita palitundikwa ramani ya dunia ya kitambaa, imechanika upande wa Greenland, na kando yake ubaoni nilikuwa nimeandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, kwamba mabara ni saba. Wiki ya mwisho ya muhula nikatoa jaribio la maswali kumi. Swali la kwanza nililiweka makusudi liwe jepesi, ili hata mtoto mzito apate pa kuanzia: Dunia ina mabara mangapi? Yataje.

Darasa zima likajibu saba. Mmoja tu akajibu matano. Alikuwa mtoto wa wakimbizi waliovuka kutoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, na kwao alikuwa amekwisha kusoma miaka kadhaa kwa walimu waliosomea Kifaransa. Aliandika Afrika, Amerika, Asia, Ulaya na Oseania. Nikamkata kwa wino mwekundu. Nilipogawa madaftari akasimama mbele ya wenzake akasema, kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kinatafuta njia, "Mwalimu, Amerika ni moja. Na kule kwenye barafu hakuna watu." Nikamwamuru akae. Hakukaa. Nikampiga viboko viwili vya mkononi, nikatangaza kwamba ninampigia ukaidi wala si jibu. Msomaji ataniamini akipenda.

Sisemi kwamba mtoto yule alikuwa sahihi nami nikakosa. Matano yake hayakuwa na mizizi mirefu kuliko saba zangu. Linaloniuma ni kwamba laiti angaliniuliza, "Kwa nini saba?", nisingalikuwa na jibu lolote ila kunyoosha kidole kwenye ramani. Nilikuwa na fimbo, sikuwa na hoja.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kustaafu, mwanangu aliniletea kitabu cha Wamarekani wawili, Martin W. Lewis na Kären Wigen, kiitwacho The Myth of Continents, kilichochapishwa mwaka 1997 na Chuo Kikuu cha California. Nimekisoma mara mbili. Ndicho kilichonifanya niandike kurasa hizi, kwa kukisifu na kwa kugombana nacho.

Kwanza nianze na maana niliyokuwa nikiifundisha. Bara ni nchi kavu kubwa iliyozungukwa na maji. Watoto waliiimba kama wimbo. Sasa hebu, msomaji wangu, tuipime. Ulaya imezungukwa na maji wapi? Upande wa mashariki mtu anaweza kutoka Moscow kwa miguu hadi Beijing asilowe ndara. Afrika ilikuwa imeshikamana na Asia kwa kipande cha ardhi pale Suez mpaka watu walipochimba mfereji ukafunguliwa mwaka 1869. Na kama mfereji ndio unaokata bara, basi Amerika ilikuwa moja mpaka 1914 ulipofunguliwa ule wa Panama, na mtoto wangu wa Burundi alikuwa na babu zake upande wake. Je, ukubwa? Australia ina kilometa za mraba milioni 7.7 ikaitwa bara, Greenland ina kama milioni 2.1 ikaitwa kisiwa. Baina ya hizo mbili hakuna aliyeweka jiwe la mpaka akaandika kwamba hapa kisiwa hukoma na bara huanza. Mpaka umekaa pale kwa sababu hakuna nchi nyingine kubwa katikati ya kuusumbua.

Mtu aweza kusema tuwaachie wanajiolojia, maana wao hawana siasa. Nami niliwahi kudhani hivyo. Lakini wanajiolojia wakiachiwa, hawatatupa saba. Watatuambia kwamba Bara Hindi limekaa juu ya bamba lake lenyewe, tofauti na Asia iliyobaki. Watatuambia kwamba Bonde la Ufa linaigawa Afrika polepole, milimita chache tu kwa mwaka, na kwamba sisi wa Pangani na Dar es Salaam tumo katika bamba la Somalia, tunaachana na wenzetu wa magharibi pasipo hata kuagana. Na mwaka 2017 kundi la wanajiolojia, likiongozwa na Nick Mortimer wa New Zealand, lilitoa makala ya kudai kwamba chini ya bahari ile kuna bara kamili, Zealandia, lenye kilometa za mraba milioni 4.9, ambalo asilimia 94 yake imezama. Hapo utamwambia nini mtoto wa darasa la sita? Kwamba kuna bara la samaki?

Lewis na Wigen wanaonyesha, nami nawashukuru kwa hilo, kwamba habari hii haikuanza na elimu ya miamba. Ilianza na mabaharia wa Kiyunani. Wao walikaa kwenye bahari yao ndogo ya Aegea, upande huu wakauita Ulaya na upande ule Asia, kama vile mtu wa Mombasa asemavyo Likoni na Kisiwani. Bahari ilipowaishia kaskazini wakafuata mto, ule uitwao Don leo, wakasema huo ndio mpaka. Kusini wakaongeza sehemu ya tatu, Libya, ndiyo Afrika kwa ulimi wao. Na tangu zamani hizo alikuwapo mtu aliyelicheka jambo hili. Herodotus, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alisema haelewi kwa nini ardhi iliyo moja imepewa majina matatu, tena majina ya wanawake. Waliodai kwamba mto Nile ndio unaotenga Asia na Libya aliwajibu kwa dhihaka: ikiwa hivyo, basi delta ya Misri, iliyo katikati ya matawi ya mto, mtaihesabu kuwa sehemu ya nne, maana haimo huku wala haimo kule. Siku nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu barazani, kisha nikamkumbuka kijana wangu, kicheko kikakatika.

Hadithi ya milima ya Ural ndiyo iliyonikaa zaidi. Mpaka wa Ulaya na Asia ulihamishwa kutoka mto Don ukapelekwa kwenye milima hiyo katika karne ya kumi na nane, na aliyeutia katika kitabu ni Philip Johan von Strahlenberg, ofisa wa jeshi la Uswidi aliyeshikwa mateka na Warusi kufuatia vita vya Poltava vya mwaka 1709, akakaa Siberia zaidi ya miaka kumi. Alipochapisha kitabu na ramani mwaka 1730, Ural ikawa ukuta wa bara. Mrusi Vasily Tatishchev alidai kwamba wazo hilo alimpa yeye. Na shabaha ilikuwa wazi: Urusi ya Peter Mkuu ilitaka moyo wake uhesabiwe Ulaya, na Siberia iwe koloni lake la Asia, kama mataifa mengine ya Ulaya yalivyokuwa na makoloni yao ng'ambo. Basi mimi, Mmrima, nilikuwa nikiwakaririsha watoto wa Waha na Wamanyema mstari uliopendekezwa na mfungwa wa vita kwa ajili ya fahari ya mfalme mmoja! Tena milima yenyewe si kitu. Kilele chake kirefu hakifiki meta 1,900. Milima yetu ya Uluguru, nyuma ya mji wa Morogoro, inapita meta 2,500, na sijasikia mtu akidai kwamba treni ya kwenda Dodoma ikiondoka Morogoro inaingia bara jingine. Na Himalaya, yenye Everest ya meta 8,849, haikutosha kuifanya Hindi ihesabiwe peke yake. Ikapewa cheo cha bara dogo, kama mtoto wa kambo.

Hapa nimefika kwenye jambo ambalo waandishi hao hawakuweza kulijua, kwa kuwa hawakulelewa katika lugha hii. Sisi Waswahili tumekuwa tukisema Bara Hindi na Bara Arabu tangu kale, bila kuomba ruhusa ya ramani yoyote. Wala hatukuwa tumekosea. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, barr, nchi kavu, mwenzake bahr, bahari. Bara kwetu ni ile nchi ambayo mwenye chombo anaiona mbele yake. Bibi yangu wa Pangani alipomtaja mjomba aliyehamia Korogwe alisema "amekwenda bara", na Korogwe si mbali hata kidogo. Mtu wa Unguja akipanda boti ya Dar es Salaam huaga kwamba anakwenda bara. Akifika Dar es Salaam atawakuta wenyeji wa pale nao wanasema bara ni Dodoma na Tabora huko. Mombasa mtu wa bara ni yeyote aliyeshuka kwa gari moshi. Bara humkimbia mtu kadiri anavyolifuata.

Nililithibitisha hilo huko huko Kigoma. Siku moja nimekaa Ujiji kwa mzee mmoja, tunakunywa kahawa, nikasema kwa mazoea yangu ya Mrima, "Huku kwenu bara, mzee wangu, samaki ni rahisi." Akaweka kikombe chini. "Bara lipi, mwalimu? Sisi ni watu wa pwani." Akanionyesha ziwa kwa kidevu, na mitumbwi, na msikiti, na kanzu aliyoivaa. Sikuwa na la kusema. Mzee yule alikuwa na pwani yake na bara lake, na bara lake lilikuwa nyuma ya mgongo wake, upande ule nilikotoka mimi.

Basi neno letu lina uaminifu ambao neno la kitabuni halina. Husema wazi kwamba mwenye kuhesabu amesimama mahali fulani. Hata jina Ulaya hatukulichukua kwa Wayunani. Ni wilaya ile ile ya Kiarabu, nchi ya watawala, kama Wahindi nao walivyoiita Uingereza kwa neno la ukoo huo huo. Nasi, kwa bahati mbaya, tulipoanza kuandika vitabu vya shule tukalichukua neno bara, lenye miguu, tukalifunga kwenye hesabu ya saba kama mbuzi kwenye kigingi.

Mpaka hapo mimi na kitabu tu marafiki. Ugomvi wetu unaanza pale wanapomaliza kubomoa wakashika mwiko na kujenga. Wanasema tuyaache mabara tuitumie hesabu ya kanda za dunia, na kanda hizo, kama wenyewe wanavyoeleza, zilishika nguvu Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipotaka kuijua dunia haraka kwa ajili ya vita. Wanazirekebisha, wanachora zao zilizo bora zaidi, na humo mnakaa chumba kiitwacho Afrika ya kusini mwa Sahara. Tumetolewa katika nyumba ya Wayunani tukatiwa katika kota za jeshi.

Msomaji asidhani kwamba nagombania majina matupu. Kanda ni mafaili, na faili huamua daktari anatoka wapi. Shirika la Afya Duniani lina kanda zake. Kenya na Tanzania zimo katika kanda ya Afrika, ambayo ofisi yake kuu iko Brazzaville. Somalia imo katika kanda iitwayo Mediterania ya Mashariki, ambayo ofisi yake kuu iko Cairo. Sasa watazame Wabajuni. Ni watu wamoja, wavuvi, lugha yao Kiswahili cha kaskazini, na visiwa vyao vimeanza Lamu vikaenda mpaka karibu na Kismayu. Mbajuni wa Kiunga akiugua anahesabiwa Mwafrika. Binamu yake wa Kismayu, anayeoga katika bahari hiyo hiyo ya Hindi na kuumwa na mbu wa ukoo ule ule, anahesabiwa mtu wa Mediterania. Na Algeria, ambayo kweli imo pwani ya Mediterania, imewekwa kanda ya Afrika! Mwenye kutaka kuona kwamba ramani inaweza kuchorwa na mtu ambaye hajapata kuona ngalawa, ajisomee orodha hizo.

Umoja wa Mataifa angalau ni mkweli: husema wenyewe kwamba mgawanyo wake ni kwa ajili ya takwimu tu, wala haumaanishi lolote kuhusu siasa. Katika majedwali yake Msumbiji na Zimbabwe ni Afrika Mashariki, na Kongo ni Afrika ya Kati. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Kongo mwaka 2022, hata leo mvuvi wa Muanda anayetupa nyavu zake katika Atlantiki ni ndugu yetu wa Mashariki. Kisha Somalia ikaingia mwaka 2024. Sisi Tanzania wenyewe tumo humo, na papo hapo tumo katika jumuiya ya nchi za kusini. Wacheza mpira wamekwisha kuelewa siri hii siku nyingi. Kazakhstan ilihama Asia ikaingia Ulaya mwaka 2002, Australia ikahama Oseania ikaingia Asia mwaka 2006, na hakuna ukufi wa mchanga uliosogea.

Sasa, je, niseme kwamba Afrika nayo ni uzushi tuitupe? Wapo vijana wasomi waliopata kuniambia hivyo, kwamba jina lenyewe lilikuwa la jimbo la Warumi kandokando ya Carthage, na kwamba mtu wa Tunis hana cha kushirikiana na mtu wa Songea. La kwanza ni kweli. La pili sikubaliani nalo, na hapo ndipo naona upungufu mkubwa wa njia ya kitabu hiki. Kinayapima mabara kama mtu anayepima ubao: umenyooka au haukunyooka? Ila jambo lililochorwa vibaya na wengine laweza kushikwa na waliochorwa wakalifanya lao. Mwaka 1963, Addis Ababa ilipoanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliundwa Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam. Katika nchi tisa za mwanzo za kamati ile zilikuwamo Tanganyika, Uganda na Nigeria. Zilikuwamo pia Algeria na Misri. Mtu aliyekuwa akipigania Msumbiji au Angola hakuulizwa kama silaha yake imetoka kaskazini au kusini mwa Sahara. Jangwa lilikuwapo, bila shaka. Lakini watu walikaa wakakubaliana kwamba jangwa si mpaka, na makubaliano hayo yalikuwa na watu waliokufa ndani yake. Ukinichorea kanda inayokata pale, hunionyeshi tu ukweli wa lugha na mvua. Unavunja mkataba ambao hukuwapo ulipotiwa sahihi.

Ndiyo maana siwezi kuwa upande wa wale wanaocheka tu. Strahlenberg alichora mstari kwa faida ya mfalme wa nchi aliyofungwa, Addis Ababa ikafuta mstari kwa faida ya waliofungwa. Yote mawili ni kazi ya watu, wala milima haikushauriwa katika lolote. Mhakiki anayeyaweka katika kapu moja kwa sababu yote si jiolojia, amekuwa mwangalifu wa ramani akawa mzembe wa historia.

Nitakipa kitabu haki yake kwa kusema kwamba kila mwalimu wa jiografia angekipata kabla ya kupewa fimbo, wengi wetu tungeiacha fimbo ofisini. Sura zake za mwanzo zafaa kutafsiriwa kwa Kiswahili. Ningependa tu mfasiri awe mtu wa pwani, yoyote ile, ya bahari au ya ziwa.

Yule kijana alihama na wazazi wake kabla mwaka haujaisha, nikasikia wamekwenda upande wa Tabora kwenye makazi ya wakimbizi. Sikupata kumwona tena. Kama yu hai, anakaribia sasa miaka sitini na mitano.

Juzi mjukuu wangu alikuja na kazi ya nyumbani. Swali lilikuwa lile lile, ila wameongeza picha ya kupaka rangi. Nikamweleza kwamba wako watu wanaohesabu saba, wako wanaohesabu sita, na wako wanaohesabu matano, kama duara zile za Michezo ya Olimpiki. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, mwalimu atanikata." Nikamwambia basi andika saba. Akauliza kama mimi nilipokuwa mwalimu ningemkata. Nikamsimulia habari ya Kigoma, pamoja na vile viboko viwili, na Amerika iliyo moja. Alinyamaza kidogo, akaandika saba, akaanza kupaka rangi Greenland.